Maiti Katika Kisanduku cha Mwisho

Wapo walioingia katika soko huria kwa mlango wa mbele, mitaji yao mkononi. Mimi nilipitishwa dirishani. Kiwanda cha umma nilichokitumikia pale Morogoro kama afisa mipango kiliuzwa, na mnunuzi alipokuwa akikagua alichonunua alifika ofisini kwangu, akazitazama chati zangu ukutani, akaniuliza kwa upole ni kitu gani hasa huwa ninapanga. Nilimweleza kwa kirefu. Mpaka leo naamini kwamba ningemweleza kwa kifupi ningedumu pale walau mpaka Krismasi.

Nikapunguzwa kazi. Neno lenyewe lilikuwa jipya, nasi tuliosoma lilituliwaza kidogo, maana lilisikika kama jambo unalolifanyia mchungwa ili uzae vizuri mwakani. Nilikaa nyumbani nikisubiri kuzaa. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Morogoro na mtu asiye na subira na tamathali za semi nje ya darasa, ndiye aliyeniambia kwamba pale Msamvu kuna mzee mwenye malori anayetafuta mtu wa kushughulikia karatasi za mpakani.

Mzee huyo alikuwa Mluguru wa milimani aliyeanza na lori moja bovu la kubeba sukari kutoka Turiani, enzi zile sukari ilipokuwa ikisafiri kwa kibali na kufika kwa miujiza. Soko lilipofunguliwa hakushangaa. Alikuwa akilisubiri kama mkulima anayesubiri mvua aliyoiona tangu asubuhi ikijikusanya juu ya Uluguru. Siku niliyokwenda kumpa shikamoo alikuwa na yadi yenye ukuta, msururu wa malori yenye matela, na tatizo moja. Tatizo hilo liliitwa Tunduma.

Kwa ambaye hakuwahi kupeleka mzigo Zambia miaka ile, mambo yalikuwa hivi. Lori lilitoka Morogoro, likapita Mikumi, likapanda Kitonga kwa kunung'unika, likafika mpakani pale Tunduma likiwa zima. Halafu lilisimama. Lilisimama kwa sababu karatasi zake zilifika nalo, ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kiti cha dereva, na hakuna aliyezisoma kabla. Zikisomwa, kosa likionekana, tuseme tarakimu moja imeruka, ilibidi mtu wetu apande basi kutoka Morogoro na karatasi iliyosahihishwa. Mzee alikuwa na mtu maalumu wa kazi hiyo. Alikuwa kijana mnene, na alisinzia hata akiwa amesimama. Wakati huo lori linangoja, dereva analala chini ya tela, na mteja ng'ambo anaanza kusifia bandari za wengine.

Wazo langu lilikuwa kutanguliza karatasi. Lori likiwa bado linahangaika na Kitonga, karatasi zake ziwe zimekwisha kufika mpakani kwa waya wa simu, zimesomwa pande zote mbili, zimekosolewa na kurekebishwa. Lori likifika, likute muhuri unalingoja. Kompyuta moja, kidude cha kuiunganisha na simu, na faksi upande wa pili: basi. Leo wanangu wakinisikia nikilieleza hili kama uvumbuzi wananiuliza kama ndimi pia niliyevumbua kijiko. Lakini wakati ule, pale Msamvu, ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba utamtumia mbuzi kwa simu.

Mzee alinisikiliza mara nyingi kuliko nilivyostahili. Mwisho alinunua kompyuta, akaiweka katika chumba chenye dirisha la kutazama milima, akaizunguka mara moja kama anayekagua ng'ombe wa mahari, akanipa masharti yake.

"Gari moja," alisema. "Likivuka siku hiyo hiyo lililofika, magari yote yatafuata njia yako. Likikwama, msomi, itabidi wewe na hiki kioo chako mtafute pa kwenda pamoja."

Nilikubali haraka, kwa ujasiri wa mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimekokotoa kila kitu ambacho kingeweza kuharibika.

Kitu ambacho sikukikokotoa kilikuwa kimekaa meza ya pili. Ofisi yetu ilikuwa na simu ya upepo, ile ya kubonyeza na kusema ova, na kila lori lilikuwa na yake. Aliyeishika simu hiyo alikuwa dada mmoja wa rika langu, mzaliwa wa kijiji cha misheni huko juu milimani, aliyefundishwa Kiingereza na masista mpaka akawa anakiandika vizuri kuliko mimi na kukidharau vizuri kuliko sisi sote. Jumamosi alipanda mlimani kwao kulima karoti. Siku nyingine aliwalima madereva.

Kila jioni malori yaliitwa moja moja, kila dereva akasema yuko wapi. Jioni yangu ya kwanza nilidhani nimeingia katika ugomvi. Dereva mmoja wa siku nyingi, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa swala tano na sauti ya taratibu, alipoitwa alimuuliza dada huyo, karani wetu, kama bado anasumbua hewa au wamekwisha kumzika, maana yeye ameweka sanda tayari nyuma ya kiti. Dada wa watu akajibu kwamba mpagazi hana ruhusa ya kuuliza maswali. Mpagazi ashushe mizigo ya watu, akaoge. Malori mengine yote yalikuwa yakisikiliza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchukua kalamu ili niandike waraka kuhusu lugha ya kazini.

Mke wangu ndiye aliyenisaidia nisiuandike. Wale ni watani, alinieleza, kwa sauti anayoitumia kwa darasa la kwanza. Mimi ni wa kuja. Kwetu utani upo, lakini wa kwetu huvaa viatu. Wanyamwezi walipita chini ya milima hii tangu zamani, mizigo mabegani, wakienda pwani, na watu wanaopita katika ardhi ya wenzao mwaka hadi mwaka ama watapigana ama watatukanana. Wakachagua matusi, wakayawekea sheria ya kwamba asikasirike mtu. Mluguru anamwita Mnyamwezi mpagazi wake, Mnyamwezi anamwita Mluguru maiti wake, na msiba ukitokea mtani ndiye anayelala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Nilipofikiria kwamba mjukuu wa wapagazi wale alikuwa bado anapita njia ile ile na mizigo ile ile, ila sasa kwa tela la magurudumu mengi, nilitaka kuandika makala. Mke wangu alinishauri kwanza nipate mshahara.

Nilichochelewa zaidi kukielewa ni kwamba matusi yale yalikuwa taarifa. Yule Mnyamwezi akiwa salama, gari zima, njia nzuri, alitukana. Akiwa na shida hakuwa na nafasi ya utani. Alisalimia kistaarabu, akauliza habari za nyumbani, na hapo karani alikaa wima, akaomba aambiwe kilichovunjika. Mzee naye aliujua utaratibu huo. Alipopita mlangoni jioni aliuliza neno moja tu: "Mnyamwezi?" Karani akajibu: "Katukana." Mzee akaenda zake kula kwa amani.

Sasa basi. Programu ya kompyuta nilitengenezewa na rafiki yangu wa chuo kikuu, mwanahisabati, aliyenifanyia kwa hisani. Ilikuwa na visanduku: mzigo, uzito, namba ya gari, jina la dereva, na kadhalika, vyote kwa Kiingereza ili visomeke pande zote mbili za mpaka. Nilimpa agizo moja la kiafisa mipango, kwamba kisanduku chochote kikiachwa wazi kompyuta igome kutuma. Kisanduku cha mwisho kiliitwa Hali ya Safari. Kwa maelezo ya rafiki yangu, au kwa jinsi nilivyoyaelewa, na kati ya mambo hayo mawili pana bonde, kisanduku hicho kilikuwa kumbukumbu ya ofisini tu. Hakisafiri.

Gari la majaribio lilikuwa la yule Mnyamwezi. Mzee mwenyewe alimchagua. Mzigo ulikuwa marobota ya magunia ya katani kwa mnunuzi wa mahindi ng'ambo, ambaye mavuno yake yalikuwa yameanza na mahindi yake yamelala chini. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba magunia yasipofika ndani ya wiki ile atanunua kusini, na akishanunua kusini atakuwa amejifunza njia. Afisa wa forodha alikuja yadini, akahesabu marobota, akafunga tela kwa lakiri ya risasi ambayo madereva wanaiita sili. Sili haifunguliwi njiani. Gari lililofunguliwa sili mpakani linapelekwa uwanja wa ukaguzi, mzigo unashushwa wote, na uwanja ule ulikuwa na malori ambayo nyasi zilikuwa zimeota kati ya matairi yake.

Lori liliondoka. Kesho yake asubuhi dereva aliita kutoka Iringa, na hapo ndipo tulipopanga kutuma karatasi. Karani alikuwa amekaa mbele ya kibodi, mimi nimesimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Dereva alisema gari zima na sili nzima. Akaongeza kwamba amepakia na maiti mmoja wa kike, Mluguru, karani wa zamani, ananuka karoti, na akishavuka atauliza bei. Karani akamjibu kwamba mpagazi akiuza maiti aangalie asije akauzwa yeye kwa makosa, maana wananunua kwa uzito wa akili na yeye hataona hata nauli ya kurudi. Kisha akajaza visanduku kimoja kimoja mpaka akafika cha mwisho.

"Na hapa, kaka?"

Nikamwambia aandike hali ya safari kama dereva alivyoitoa. Akanitazama kidogo. Akaandika, kwa Kiingereza cha masista kisicho na doa, kwamba dereva amebeba maiti mmoja wa kike, Mluguru, na safari ni njema. Nilisoma, nikacheka, nikaona ni kumbukumbu safi ya ofisini. Nikabonyeza mwenyewe kitufe cha kutuma, kwani jambo la kihistoria halikasimiwi.

Kile kidude kikapiga mluzi, kikakoroma, kikanyamaza. Haukupita muda mrefu wakala wetu wa Tunduma akapiga simu kwamba karatasi zimetoka kwenye faksi yake, na nakala ameivusha ng'ambo. Baadaye kidogo akapiga tena: wenzetu wa upande wa pili wameona kwamba idadi ya marobota katika ukurasa mmoja hailingani na ya ukurasa mwingine. Tukaangalia, ni kweli. Tukasahihisha, tukatuma. Mzee alikuwa ameketi na kikombe cha chai, na chai hiyo ilikuwa bado moto. Kwa utaratibu wa zamani kosa hilo lilikuwa ni safari ya basi, kwenda na kurudi, na kijana mnene. Mzee alikunywa chai yake taratibu sana, akikitazama kioo. Jioni hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo, nikawasalimia hata watu ambao huwa nawakwepa.

Siku iliyofuata, mchana, sote tulikuwa ofisini. Lori lilitakiwa liwe limevuka au linavuka. Simu ya upepo ikakwaruza, na sauti ya yule Mnyamwezi ikasikika kutoka ofisi ya wakala pale Tunduma, ambako nako kulikuwa na simu kama yetu.

"Habari za mchana, dada yangu. Hamjambo hapo? Watoto hawajambo? Ova."

Karani aligeuka akanitazama. Mzee akasimama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Tuliambiwa kwa utaratibu. Upande wa kwetu lori lilipita bila kusimama. Muhuri ulikuwa unalingoja, kama nilivyotabiri. Upande wa ng'ambo forodha walikuwa wamemaliza. Lakini kule kuna bwana afya, na bwana afya anapewa nakala ya kila karatasi, na huyu alikuwa mtu wa kusoma. Katika mpaka ule wote, uliojaa watu wa kupiga mihuri, alikuwapo mtu mmoja anayesoma karatasi mpaka mstari wa mwisho, na bahati yangu ilikuwa kumpata siku ya kwanza. Alikuwa amepigia mstari maneno yetu kwa kalamu nyekundu. Alitaka cheti cha kifo. Alitaka kibali cha kusafirisha mwili. Alitaka kujua sababu ya kifo, na kwa nini marehemu amewekwa pamoja na magunia. Dereva alipomwambia kwamba hakuna marehemu, bwana afya alimjibu kwa haki kabisa kwamba karatasi ya kampuni yake mwenyewe inasema yupo. Basi sili ifunguliwe, watazame.

Kumbe kisanduku kilisafiri.

Mzee aliniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba Kiswahili ni kile kile alichozaliwa nacho: "Msomi. Umepakia maiti kwenye gari langu?"

Nilianza kumweleza tofauti kati ya nakala ya ofisini na nakala ya kutumwa. Karani alinikata, kwa faida yangu. Akabonyeza simu, akamwambia dereva amlete huyo bwana afya hapo kwa wakala, si mbali, avuke kwa miguu. Amwambie kwamba maiti yuko hewani na anaweza kujisemea.

Tulingoja. Wingu lilikuwa limeanza kushuka kutoka mlimani, kilele kimekwisha kumezwa. Ofisi za mpakani zingefungwa jioni, na kesho yake ilikuwa Jumamosi, na mahindi ya yule mnunuzi yalikuwa chini. Nilijishughulisha na kunyoosha waya wa kompyuta ambao haukuwa umepinda. Nilijaribu kukumbuka ni nani mwingine Morogoro anayeweza kuhitaji afisa mipango.

Simu ikakwaruza. Sauti nzito, Kiswahili cha mpakani, taratibu:

"Nataka kuongea na maiti. Ova."

"Ndiye mimi," alisema karani. "Karibu. Ova."

"Wewe ndiye wa kwenye lori?"

"Mimi niko Morogoro, mezani kwangu. Huyo mpagazi hapo pembeni yako ndiye aliyeniua. Ananiua kila siku tangu nianze kazi hii, na mshahara wangu bado napokea. Ova."

Njia nzima, kutoka Mikumi mpaka Mbeya, malori yetu yote yalikuwa yakisikiliza. Bwana afya akauliza kwa nini dereva amwue. Karani akasema ni mtani wake. Bwana afya akasema neno hilo halijui vizuri, afafanue. Hapo nilinyoosha mkono nipewe simu, maana kufafanua ndiyo kazi niliyosomea. Karani aliugeuzia mkono wangu bega.

"Wewe ni kabila gani, baba? Ova."

Mbemba, alisema bwana afya, kwa sauti ya mtu asiyeona swali linaelekea wapi.

"Na huko kwenu hakuna watu ambao ukikutana nao lazima uwaseme vibaya, nao wakuseme, na ukiwakosa unaumwa?"

Kikaja kitu ambacho kwanza nilidhani ni hitilafu ya mitambo. Bwana afya alikuwa anacheka.

"Wangoni," alisema. "Wala panya wale. Bosi wangu ni Mngoni. Kila asubuhi namuuliza kama amepata kitoweo, naye ananiita mla kima mbele ya wafanyakazi. Ova."

Karani akamwambia basi ndiyo hivyo hivyo. Dereva, ambaye kumbe alikuwa amesimama pale pale, akasikika nyuma akisema kwamba yeye anajua kupika panya lakini huyu Mluguru haliki hata kwa chumvi. Mzee alikaa chini. Mimi nilianza kutabasamu, na nilianza mapema mno.

Kwa sababu bwana afya, alipomaliza kucheka, alirudi kuwa bwana afya. Yeye binafsi ameelewa, alisema. Lakini yeye binafsi si faili. Karatasi imetoka kwetu ikisema kuna maiti. Lazima karatasi nyingine itoke kwetu imwondoe. Hawezi kuandika kwamba alicheka. Tutume maelezo rasmi, yaeleze huo utani ni nini, na maiti aweke sahihi yake mwenyewe. Yakifika kabla ya kufunga ofisi, gari linapita na sili yake. Yasipofika, Jumatatu wafungue.

Hapo sasa nilikuwa kwenye uwanja wangu. Nilikaa kwenye kibodi, nikaandika ukurasa mzima kwa Kiingereza kuhusu mahusiano ya kimila baina ya jamii za njia ya misafara, chimbuko lake, kazi yake katika kupunguza uhasama, na mabadiliko yake katika zama za uchumi wa soko. Nilikuwa karibu kuweka tanbihi. Karani alisoma juu ya bega langu.

"Kaka," alisema, "hapa umemletea maiti wa pili."

Mzee aliomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa mistari mitatu akainua mkono. Akauliza kama siwezi kusema tu kwamba mtu hajafa. Nikafuta, na nilipofuta nilihisi uchungu ambao waandishi wenzangu wanaujua. Yalikuwa maneno mazuri. Nikaandika upya, na kwa Kiswahili ingekuwa hivi: maiti aliyetajwa ni karani wetu, yu hai na yuko kazini. Dereva ni mtani wake, na kwa desturi ya makabila yao anaruhusiwa kumuua kila siku kwa maneno tu, bila madhara, kama yalivyo makabila ya kwenu. Ndani ya lori hakuna maiti, hajawahi kuwamo. Tunaomba mzigo upite.

Karani akaweka sahihi. Chini ya jina lake aliandika cheo: Maiti. Nilimtazama, akasema bwana afya ndiye aliyetaka maiti asaini, na sahihi isiyolingana na maombi itarudishwa. Alikuwa ameelewa ofisi za serikali kuliko anavyokubali.

Karatasi yenye sahihi haipiti kwenye kompyuta, kwa hiyo tukaiingiza kwenye mashine ya faksi ambayo mzee alikuwa ameinunua pamoja na kompyuta. Wakati huo mvua ilikuwa imefika mjini, ile mvua ya Uluguru inayoshuka kama imefukuzwa, na simu ya waya ikishikwa na mvua hiyo huanza kukohoa. Karatasi ikaingia, ikasita, mashine ikalia. Muda mfupi baadaye dereva akaita, tena kwa heshima zote. Maelezo yamefika nusu. Yamekatika mahali yanaposema dereva anaruhusiwa kumuua kila siku. Bwana afya anaomba kwa unyenyekevu kuona sentensi inaishaje.

Mzee alisema neno la Kiluguru ambalo karani alikataa kunitafsiria.

Tukatuma tena. Ikakatika kwenye kichwa cha barua. Tukatuma tena. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa tulivu kuliko nilivyokuwa, kwamba mvua ya mlimani huwa na pumzi, tusubiri ipumue. Haya sikuyasoma chuo, niliyajifunza kwa kuanua nguo. Tulisimama dirishani sote watatu tukitazama maji yakitelemka kwenye ukuta wa yadi. Ikapungua. Nikaingiza karatasi, nikaishikilia kwa vidole viwili kama mtu anayemsindikiza mgonjwa, ikapita yote, na mashine ikatema kijikaratasi kinachosema imepokewa.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Mzee aliangalia saa ya ukutani. Mimi nilikataa kuiangalia. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba karatasi imefika, na iliyofika itasomwa, na ikisomwa gari litapita, na sikuona pa kutilia shaka. Ni hakika ile ile iliyoniponza jana yake, nakubali, lakini sina nyingine.

Simu ikakwaruza.

"Wewe mzoga," alisema yule Mnyamwezi. "Niko Zambia. Nimejaribu kukuuza pale mpakani, wakaniambia kwa ubovu huo niongeze na mbuzi. Ova."

Karani alikuwa amefungua mdomo kujibu. Mzee akaichukua simu mkononi mwake. Sikuwahi kumwona akiigusa. Alikuwa mwenye mali, alipokea habari zilizokwisha chujwa. Akabonyeza, na kwa sauti ya kutikisa kioo cha dirisha akamwambia mpagazi aache kusimama njiani kupiga soga kwa betri ya watu, afikishe magunia, na mabega yake akayarudishe salama kwani kuna mizigo mingine. Malori yote njiani yakabonyeza simu zao kwa pamoja, na chumba kikajaa kicheko na mkwaruzo mpaka karani akapunguza sauti.

Kisha mzee akanigeukia. Niliandaa hotuba fupi kuhusu kasi: kwamba kosa la marobota lilirekebishwa chai ikiwa moto, na hata maiti, ambaye kwa njia ya basi angekaa mpakani wiki nzima, alifufuliwa mchana mmoja. Hakuisubiri. Aliuliza yale malori mawili yaliyokuwa yanapakia uani yataondoka lini. Nikasema Jumatatu. Akasema yaondoke kesho, karatasi ziyatangulie, na yule kijana wa basi nimfundishe kuandika kwenye mtambo badala ya kusinzia.

Jumatatu asubuhi nilikuta kompyuta imefunikwa. Mke wa mzee alikuwa amemtuma mtu na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni, aina ile inayowekwa juu ya redio ya sebuleni katika nyumba za watu wanaojiheshimu. Kilikuwa kimekatwa na kushonwa upya kwa vipimo vya kompyuta. Mashine iliyofunikwa hivyo hupata joto, na kitaalamu nilipaswa kukiondoa. Nilikikunja mpaka nusu kila asubuhi, nikakirudisha kila jioni, kwa miaka yote niliyofanya kazi pale.